Asumini haiiti nyoka, kifusi chako ndicho kinachomwita

Juzi nimekuta mwasumini wangu mwingine umeng'olewa. Wa tatu mwaka huu. Niliupanda chini ya dirisha la mteja, upande kusi inakotokea, ili upepo uingize harufu chumbani. Narudi baada ya mwezi kukagua, nakuta pale pale pamesimama mwashoki, ule mti mrefu mwembamba wa mapambo. "Usinune fundi," mama mwenye nyumba akaniambia, "wifi yangu kasema ule unavuta nyoka, na hapa kuna watoto."

Haya. Mama, wifi, na yule mzee wa Kigamboni aliyeniambia hayo hayo masika yaliyopita: nyoka hatafuti maua. Ule ulimi wake wa panda unaokota chembe za harufu hewani na chini, unazipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa, naye anajua panya kapita wapi au chura kajificha wapi. Asumini haliwi na nyoka. Wafilipino wameifanya asumini hii hii tunayotungia makoja kuwa ua lao la taifa tangu 1934, na hatujasikia wamehama nchi.

Ila imani hii haikuzuka hewani tu, na hapa ndipo watu wananichosha, maana wanashika nusu ya maneno. Mwasumini usiokatwa unatambaa. Matawi yanalala, majani makavu yanajazana chini, pale ndani panabaki ubaridi na unyevu hata jua la saa saba. Chura anahamia, panya anahamia, na anayewala anawafuata. Kwa hiyo bibi aliyemwona nyoka kwenye mwasumini hakusema uongo. Aliona kichaka, akalaumu harufu. Kichaka hicho kingekuwa cha bogenvilia ingekuwa yale yale, lakini bogenvilia haijawahi kushtakiwa na mtu. Hainukii, basi haina kesi.

Na kuna jambo moja linalonisumbua mwenyewe. Ua linalonukia usiku linaita nondo, nondo wanaita mijusi na vyura, na hao nimeshasema wanaita nani. Mnyororo huo nimeuwaza sana na siwezi kuapa kwamba haupo. Ninachojua ni kwamba balbu ya barazani inakusanya wadudu kuliko mwasumini mzima, na sijawahi kuitwa nyumba yoyote kuja kung'oa balbu.

Dawa ni mkasi. Mwasumini hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya, kwa hiyo kila maua yakipungua unaukata, hata mpaka usawa wa goti, nao unarudi na maua zaidi. Matawi ya chini ondoa yote, shubiri mbili kutoka ardhini pawe wazi, ufagio upite. Ukiweza kuona udongo ukiwa umesimama, umemaliza. Jua la nusu siku, samadi iliyooza, na maji yasiwe ya kisima cha chumvi, majani yataungua kingo. Basi.

Halafu tusiuchanganye na malkia wa usiku, kile kichaka chenye maua membamba ya kijani-nyeupe. Huo ni wa ukoo wa nyanya, asili yake Amerika ya kitropiki, na harufu yake wengine inawaumiza kichwa. Ukitaka sababu ya kuuogopa ninayo: matunda yake ni sumu, na watoto hutia chochote mdomoni.

Kinachoniuma kuliko nyoka ni kile kinachopandwa baada ya mwasumini kung'olewa. Mteja ananionyesha picha kwenye simu: nyasi ukuta kwa ukuta, miashoki imepanga foleni, mawe meupe. Namuuliza mtakaa hapo saa ngapi? Jioni, anasema, tukitoka kazini. Jioni hakuna rangi inayoonekana, fundi nifanye nini! Neno lenyewe bustani limetufikia kwa Kiarabu likitokea Kiajemi, na huko *bu* ni harufu, *stani* ni mahali. Wazee wetu wa pwani walikuwa na ua mdogo katikati ya kuta, na ndani yake walichagua kwa pua: asumini, mrehani, waridi, kilua. Kilua! Ua la kijani katikati ya majani ya kijani, unapita mara kumi hulioni, mpaka lipevuke liwe manjano na nyumba nzima ijue. Nani angelichagua hilo kwenye simu?

Bibi yangu, Tanga, alikuwa akichuma asumini alasiri zikiwa bado zimefumba, anazitandaza kwenye sinia juu ya kitambaa kibichi. Magharibi zinafumbuka ndani, si nje. Nyingine zinatungwa koja, nyingine zinafungwa kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na mrehani. Kesho asubuhi zimekuwa kahawia, zinatupwa. Hakuna aliyezipiga picha.

Yule mama sikugombana naye. Nilimwomba kitu kimoja tu: kile kifusi cha ujenzi nyuma ya simtanki, matofali mabovu na mabati, kiondolewe. Akasema hakiondoki, mume wake atajengea banda la kuku. Kiko pale mwaka wa pili sasa. Banda la kuku, jamani.