Chambo au popa? Kuvua maji ya magoti huku Jambiani

Wadau wanaokuja huku Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na rodi zao za kuvulia huniuliza swali lile lile, nitumie chambo au chambo bandia kama popa, ile inayoelea na kupiga kelele juu ya maji ukiivuta, na mi huwajibu niambie kwanza maji yako wapi. Kwa sababu huku ndani ya mwamba maji yakitoka unatembea kwa miguu, yakijaa yanakupita kifua, na samaki anayeingia maji yanapoanza kujaa sio yule utakayemkuta yakishasimama.

Chambo kinaita kwa harufu. Changu na mkundaji wanatafuta chakula chini, kwenye mchanga na nyasi bahari, wanakula kaa wadogo, kamba na minyoo, kwahiyo kinachowaleta kwako ni harufu inayobebwa na mkondo. Maji yakisimama harufu nayo inasimama, unabaki unakodolea mshipi tu. Tupa kwenye vile vijito vyenye mchanga katikati ya mawe, maji yanapokimbia, hapo ndo chambo kinafanya kazi yake.

Shida ni vikande na visamaki vidogo vya kwenye matumbawe. Ukitia kamba vinamdonoa mara moja keshakwisha, dagaa ndo kabisa, anakatika hata kabla hajafika majini. Mi napenda mkono wa pweza, mgumu, hautoki kirahisi. Kata kipande chembamba urefu wa kidole, toboa mara moja tu kwenye ncha, kingine kiache kining'inie kicheze. Wengi wanakikunja na kukirundika chote kwenye ndoana, matokeo yake ukivuta kinazunguka na mshipi wote unajisokota. Chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, nalo lifunge kwa nailoni dhaifu kuliko mshipi wenyewe, likinasa kwenye jiwe linakatika lenyewe na samaki wako unabaki naye.

Sasa chambo bandia ni habari nyingine, kinaita kwa macho na mtikisiko. Kolekole na mzia hawana habari na harufu ya chini, wanakimbiza dagaa na chuchunge juu ya mwamba, na ubavuni mwa samaki kuna mstari unaohisi maji yakitikiswa, ndo maana popa ikipiga ile kelele juu ya maji kolekole anakuja mbio tokea mbali. Maji ya magoti usitumie chambo bandia chenye ulimi mbele unaokizamisha ukivuta, utakiacha kwenye matumbawe mtupo wa kwanza tu. Popa inapita juu hainasi. Kuhusu rangi watu wanabishana sana ila maji mafupi hivi rangi haipotei kama kina kirefu, mi naona ukubwa ulingane na visamaki vinavyoruka siku hiyo, basi. Pia toa zile ndoana za meno matatu weka ndoana moja moja na chembe chake, kile kijino cha nyuma ya ncha, ukibane kwa koleo, samaki mdogo anarudi mzima na kidole chako kinapona.

Kuna kitu cha saa ambacho wageni wengi hawakijui. Bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji yanapojaa na kukauka sana, huku maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kukauka kama saa nne, yaani jua likichomoza maji yanatoka tayari. Maji mafu, siku za katikati maji yanapopanda na kushuka kidogo tu, ni kinyume, asubuhi yanajaa huku mwanga bado hafifu, na huo ndo wakati wangu wa popa, kolekole anasogea karibu kabisa. Bamvua nangoja mchana maji yakirudi, nakaa na pweza wangu kwenye vijito.

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likishika popa nyepesi haiendi, upepo unakupiga usoni na maji yamejaa majani yaliyong'oka, kila ukivuta unavuta majani. Hapo chambo tu, usijisumbue. Na tafadhali kaeni mbali na vigingi na kamba za mwani, ule ni mtaji wa kina mama, ndoana ikinasa pale anayeumia ni mtu anayeingia mikono mitupu.

Jambo ambalo linaniuma kweli ni vichangu. Vinakulia humo humo kwenye nyasi bahari na ukitumia ndoana ndogo na chambo utavivuta vingi mno. Ukiona unatoa vya ukubwa wa kiganja mfululizo hama hapo, au tia ndoana kubwa zaidi, au weka popa usogee ukingoni mwa mwamba kwenye maji meusi.