Unachosikia kwenye spika ni pawa saplai

Watu wakiniletea amplifaya swali la kwanza huwa transista gani zimo ndani, mimi nikishafungua mfuniko macho yanaenda kwenye transfoma na kapasita. Ule umeme unaosukuma koni ya spika hautoki kwenye simu wala CD, unatoka ukutani, unapita transfoma, unapita dayodi, unatulia kwenye kapasita, halafu transista kazi yake ni kama koki ya bomba, inafungua na kubana kufuata muziki. Sasa tangi, yaani hiyo pawa saplai ya transfoma, dayodi na kapasita, likiwa dogo koki nzuri itakusaidia nini?

Chukua wati 100 kwenye spika ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani). Kileleni hapo ni volti 40 na ampea 5, wati zenyewe ni wastani, nusu ya kilele. Lakini spika haikai omu 8 muda wote, kuna sehemu za besi inashuka mpaka 4, na volti zikibaki zilezile 40 inadai ampea 10, yaani wati 200. Kwa hiyo amplifaya inayotoa 100 kwa omu 8 na karibu 200 kwa omu 4 naiheshimu, ikiishia 130 mara nyingi ujue volti zinaporomoka mzigo ukizidi, na utalisikia hilo kwenye ngoma, inapiga laini wakati inatakiwa igonge.

Kapasita nazo. Umeme wa hezi 50 ukishapita daraja la dayodi, zile dayodi nne zinazouelekeza upande mmoja, unakuja na vilele 100 kwa sekunde, katikati hapo milisekunde kama 10 kapasita inalisha peke yake. Vuta ampea 5 kwenye maikrofaradi 10,000, volti zinashuka karibu 5, weka 40,000 zinashuka kama 1.25 tu. Ila usijaze ovyo, kapasita kubwa inajazwa kwa mikupuo mifupi mikali sana, transfoma inachemka, na ukiwasha fyuzi inakwenda kama hujaweka rezista ya kupunguza mkondo mwanzoni na relei, swichi inayoendeshwa na umeme, ya kuiondoa baadaye.

Hiyo mikupuo ilinitesa wiki nzima. Nilijenga amplifaya ikawa inavuma, nikabadilisha kapasita, nikazungusha transfoma, wapi! Kilichonifumbua macho ni sauti yenyewe, ilikuwa hezi 100 sio 50. Ya 50 mara nyingi ni uga wa sumaku wa transfoma au waya za ethi (zile za sifuri, umeme unakorudia) zimefanya duara, ya 100 inatoka kwenye kujaza kapasita. Kumbe ethi ya ingizo nilikuwa nimeichomea kwenye kipande cha shaba kinachounganisha kapasita mbili, palepale mkondo wa dayodi unapopita. Shaba ya sentimita tatu tu, lakini ampea 20 zikipita juu yake unapata milivolti kadhaa, na amplifaya haijui kama huo sio muziki, inakuza. Nikatoa waya mmoja mnene katikati ya kile kipande, ethi zote zikakutana mwisho wa huo waya. Nikaweka sikio kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, kimya kabisa, nilifurahi sana siku ile.

Na ukitaka kujaribu, tafadhali, kuchomoa plagi hakutoshi. Maikrofaradi 40,000 kwa volti 48 ni jouli kama 46 zimekusubiri humo ndani. Mimi naweka rezista ya omu 100 ya wati 10 kwenye miguu ya kapasita sekunde 20 hivi, nahamia kapasita ya upande wa pili nafanya hivyohivyo, kisha napima kwa mita pande zote mbili ndio naingiza mkono.