Manjano, mlonge na kansa ya utumbo mpana: maswali yanayoulizwa sana huku Mwanza

Swali: Eti manjano yanatibu kansa ya utumbo mpana?

Jibu: Maabara, kukyumini, yaani ile kemikali inayoyapa manjano rangi, imeonekana inazuia seli za kansa hii zisikue, hilo ni kweli. Ila kule seli zinamwagiwa moja kwa moja, wewe ukinywa na maziwa mwili haufyonzi vizuri, nyingi inatoka na choo na ile kidogo iliyoingia ini linaivunja chap. Weka tu kwenye mchuzi wa sangara, ila usihesabu kama dozi. Na mlonge hivyo hivyo.

Swali: Kwa hiyo mimea haina kitu?

Jibu: Hapana jamani, inacho tena sana! Irinotekani, dripu ya kemo (dawa za kuua seli za kansa) wanayotundikiwa wagonjwa wa kansa hii hii, asili yake ni kemikali ya kamptotesini iliyotolewa kwenye mti wa China. Wakemia Monroe Wall na Mansukh Wani wa Marekani waliitangaza 1966, ikajaribiwa kwa wagonjwa ikawa kali mno, inaunguza mpaka kibofu, ikabidi wakemia wa Japani waibadilishe ndo ikapatikana irinotekani, Marekani wakairuhusu 1996. Miaka 30 hiyo, na ni kwa kujua kiasi gani kinaua kansa na kiasi gani kinamuua mgonjwa. Kwenye chupa ya mitishamba ya stendi hicho kipimo hakipo, na hilo ndo linanitisha.

Swali: Naweza kuchanganya na kemo?

Jibu: Usichanganye kimya kimya, mwambie daktari kila unachokunywa. Kuna mmea wa Ulaya, haiperikamu, ukiunywa unashusha kwenye damu ile sehemu ya irinotekani inayoua kansa, kemo inakosa nguvu.

Swali: Mama anatoa damu kwenye choo, tuko Igombe, majirani wanasema kichocho.

Jibu: Inawezekana kabisa, sisi wa kandokando ya ziwa kichocho cha tumbo tunacho, na bawasiri nayo inatoa damu. Apimwe choo, kikikutwa kichocho atapewa dawa yake, prazikwantel. Lakini kama ametibiwa na damu bado inakuja, au anakonda, anaishiwa damu, choo kimebadilika wiki kadhaa sasa, basi ombeni rufaa hospitali ya Bugando akaangaliwe utumbo kwa kamera, msisubiri kumaliza kwanza dawa ya mitishamba ya mtu, maana kansa ikikutwa bado changa mara nyingi operesheni peke yake inatosha.