Je, wajua kwa nini idadi ya watu wenye ulemavu hubadilika ghafla kati ya sensa na sensa?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2009 ilisema asilimia 3.5 ya wananchi wana ulemavu. Ile ya 2019 ikatoa asilimia 2.2. Ni rahisi kudhani ulemavu umepungua, lakini takwimu hizo haziwezi kuthibitisha jambo hilo hata kidogo. Mwaka 2009 watu waliulizwa aina ya ulemavu walio nao. Mwaka 2019 wenye umri wa miaka 5 na zaidi waliulizwa ugumu wanaoupata, na wakahesabiwa wale tu wenye ugumu mkubwa. Swali lilibadilika, na waliohesabiwa wakabadilika nalo.

Kuhesabu kwenyewe ni kwa zamani. Marekani ilianza na viziwi na vipofu mwaka 1830. Mwaka 1840 ikaongeza wagonjwa wa akili, na matokeo yakawa ya aibu: katika mji wa Worcester, kaskazini kusikokuwa na utumwa, wagonjwa 133 wa kizungu wa hospitali moja waliandikwa kuwa weusi. Makosa ya namna hiyo yakatumiwa kutetea utumwa, ati uhuru huwatia weusi wazimu. Daktari Edward Jarvis aliyafichua, ila takwimu hazikusahihishwa.

Sasa fikiria karani wa sensa akiuliza, "Hapa kuna mlemavu?" Mkuu wa kaya anajibu hapana, na mama yake yuko ndani anapapasa ukuta akitafuta mlango. Kwake huo ni uzee tu. Ndiyo maana Kundi la Washington, lililoundwa mwaka 2001 chini ya Umoja wa Mataifa, liliandaa maswali sita yasiyotaja ulemavu kabisa: kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. "Je, unapata shida kuona, hata ukivaa miwani?" Majibu ni manne: hakuna shida, shida kiasi, shida kubwa, siwezi kabisa.

Hapo ndipo penye siri yote. Majibu hayo ni kama unga, na mtakwimu ndiye anayechagua chekeche. Pendekezo ni kuhesabu kuanzia shida kubwa. Akitumia chekeche lenye matundu mapana, akapitisha na shida kiasi, idadi inafumuka, ingawa unga ni uleule.

Hata hivyo, maswali hayo sita huwakosa wengi wenye matatizo ya afya ya akili, na hayafai kwa watoto wadogo, ambao wameandaliwa dodoso lao kwa ushirikiano na UNICEF.