Muziki wa Japani Katika Shule ya Msingi: Dhana Potofu na Ukweli

Watoto wa shule ya msingi humwamini mwalimu wao, kwa hiyo kosa dogo linalosemwa katika somo kuhusu nchi ya mbali laweza kukaa vichwani mwao hadi utu uzima. Dhana zifuatazo hujirudia mara nyingi Japani inapofundishwa kwa njia ya muziki.

Dhana potofu: Muziki wa Japani una noti tano, hivyo vibonye vyeusi vya piano vinatosha.

Ukweli: Nyimbo nyingi za jadi za Japani hutumia skeli (mipangilio ya noti) za noti tano, lakini skeli hizo ni zaidi ya moja. Vibonye vyeusi havina nusu toni, yaani hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano, hata moja kati yao, ilhali "Sakura Sakura", wimbo wa maua ya mcheri ambao walimu wengi huanza nao, umejengwa juu ya mi, fa, la, ti na do, na majonzi yake yamo katika nusu toni mbili, yaani kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Huko Okinawa, kusini, husikika skeli ya do, mi, fa, so na ti, nao Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido, wana mukkuri, ala ndogo ya mwanzi inayopigwa mdomoni kwa kuvuta uzi. Mwalimu mwenye nafasi ya nyimbo mbili tu afadhali achague mmoja wa Okinawa, ili watoto wasidhani kwamba visiwa vyote vya Japani vina sauti moja.

Dhana potofu: Bila koto (zeze la kulazwa) yenye nyuzi 13, shamisen (ala ya nyuzi tatu) au ngoma za Kijapani za taiko, hakuna somo.

Ukweli: Katika jadi ya Japani yenyewe, mwanafunzi huanza kwa mdomo. Njia hiyo huitwa kuchi-shoga: kila pigo la ngoma lina silabi yake, ambapo "don" ni pigo zito la katikati, "doko" ni mapigo mawili ya haraka, na "ka" ni fimbo inayogonga ukingo. Darasa zima laweza kutamka mdundo, kisha kuupiga mapajani au juu ya madawati, na hilo ni fundisho kamili wala si mbadala wa kufidia uhaba. Watoto wanaozungumza Kiswahili wana bahati kubwa hapa, maana irabu tano za Kijapani zinakaribiana sana na zetu, na ile "n" ya mwisho katika "don", ambayo Wajapani huihesabu kama pigo linalojitegemea, haiwezi kumshinda mtoto anayesema "nchi" na "mtu" kila siku.

Ipo pia michezo ya kuimba. Katika "Kagome Kagome", mtoto mmoja huchuchumaa katikati akiwa amefumba macho, wenzake humzunguka wakiimba, na wimbo ukiisha hukisia ni nani aliyesimama nyuma yake. Hauhitaji kifaa chochote.

Dhana potofu: Vikundi vikubwa vya taiko vimekuwapo hivyo tangu enzi za kale.

Ukweli: Ngoma zenyewe ni za kale, lakini mtindo wa jukwaani wa ngoma nyingi kwa pamoja ulianzishwa mwaka 1951 mkoani Nagano na Oguchi Daihachi, mpigaji ngoma za jazi.

Dhana potofu: Watoto wa Kijapani hukua na muziki wa jadi shuleni.

Ukweli: Serikali ya Meiji, iliyotawala Japani mwishoni mwa karne ya 19, ilipounda somo la uimbaji, ofisa wa elimu Izawa Shuji alisaidiwa na Luther Whiting Mason, mwalimu kutoka Boston aliyefika Tokyo mwaka 1880, na tuni za Ulaya zikaingia vitabuni; kwa mfano, wimbo "Hotaru no Hikari", unaoimbwa katika mahafali hadi leo, una tuni ya Uskochi. Ala za jadi hazikufanywa sharti katika shule za kati hadi mwaka 2002. Mtoto wa shule ya msingi wa Tokyo ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushika filimbi ya plastiki kuliko shamisen, na wanafunzi wetu wanastahili kuambiwa hivyo.

Dhana potofu: Kimono, joho la jadi la Kijapani, ni vazi la maigizo tu la kuimbia, livaliwe vyovyote.

Ukweli: Upande wa kushoto wa mvaaji hulazwa juu ya wa kulia; kinyume chake ni namna ya kumvisha maiti.

Dhana potofu: Muziki wa Japani haujawahi kufika kwetu.

Ukweli: Taishogoto, ala ya nyuzi, ilibuniwa Nagoya mwaka 1912 na Morita Goro, nyuzi zake zikibanwa kwa vibonye kama vya taipureta. Ilisafiri hadi India, ikafika Mombasa, na katika taarabu ya pwani ikapewa jina la tashkota. Mtoto aliyewahi kuisikia harusini ameshasikia ala ya Kijapani ikipigwa kwa Kiswahili.