Korona na mfuko wa nyumbani: athari zake hufuatiliwaje?

Ugonjwa ni wa madaktari. Habari za nauli na kodi ya nyumba zinaingilia wapi?

Kenya ilithibitisha mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 Machi 2020. Mwezi haujaisha, shule zilikuwa zimefungwa na kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri imeanza. Matatu ya abiria 14 ikawa inabeba 8. Sasa mfikirie mama anayekaanga samaki jioni, wateja wake ni watu wanaotoka kazini. Hakuugua hata mafua, ila pesa ya dawa ya presha ilikatika. Kwenye hesabu ya wagonjwa wa korona hayumo.

Basi ataonekana vipi?

Kwa kumuuliza, kisha kumrudia. Kuanzia Mei 2020, shirika la takwimu la Kenya, KNBS, lilipigia kaya simu na kuuliza kuhusu kazi, chakula na kodi ya nyumba.

Si wangetazama tu kiwango cha ukosefu wa kazi?

Kilipanda kweli: asilimia 5.2 robo ya kwanza ya 2020, asilimia 10.4 robo ya pili. Lakini kwa kanuni za kimataifa za takwimu, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja ndani ya siku saba huhesabiwa ana kazi. Mkaanga samaki wetu, aliyeuza vipande vitano wiki nzima, ana kazi! Aliyekata tamaa akaacha kutafuta naye hahesabiwi kuwa hana kazi. Mimi ningeanza na saa alizofanya kazi na milo iliyorukwa.

Simu humfikia kila mtu?

Wapi! Asiye na simu, au asiye na pa kuichaji, hupotea, na mara nyingi ndiye aliyeumia zaidi. Halafu kuna suala la nani anapokea. Baba akijibu kwa niaba ya nyumba, huenda hajui unga uliobaki ni wa siku ngapi, wala kwamba mtoto mchanga amekosa chanjo.

Ufuatiliaji ukome lini?

Shule zilifunguliwa kwa wote Januari 2021, kafyu ikaondolewa Oktoba mwaka huo. Aliyeuza cherehani ili watoto wale hakurudishiwa siku hiyo. Kaya ile ile ipigiwe tena, iulizwe: mliuza nini, na mmeshakinunua tena?