Mawaziri Walioangushwa Mwanza

Nafundisha siasa na utawala hapa Mwanza, na nikifika kwenye somo la uwakilishi huanza na mwaka 1965. Paul Bomani alikuwa Waziri wa Fedha. Kanda ya Ziwa ilimfahamu tangu enzi za ukoloni, alipowaunganisha wakulima wa pamba katika ushirika. Pamoja na heshima hiyo, wapiga kura wa Mwanza walimwangusha. Ulikuwa uchaguzi wa chama kimoja: TANU ilisimamisha wagombea wawili jimboni, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine ya nyumba. Uhuru ule wa kuchagua ulikuwa finyu mno. Uliweza kubadili mtu, si chama wala Rais, na Bomani mwenyewe akarudi bungeni kwa uteuzi.

Mwaka 2010, Nyamagana, jimbo la hapa Mwanza, ikamwangusha Lawrence Masha, Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani waziri mwenye dhamana ya polisi. Aliyeshinda ni Ezekia Wenje wa CHADEMA, chama cha upinzani. Mwaka 2015 Wenje naye akatolewa na Stanslaus Mabula wa CCM, chama tawala. Kwangu hili la 2015 ndilo zito zaidi: jimbo lilimpima mtu liliyemchagua lenyewe, likamwondoa kwa karatasi za kura tu.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Kiapo peke yake hakimfanyi mbunge aifanye kazi hiyo. Anaifanya akijua kwamba wamachinga wa Makoroboi na wakazi wa Igoma wanaweza kumnyima kura. Asipowaogopa hao, atamwogopa aliyelipitisha jina lake chamani, na bungeni atasema yanayompendeza huyo. Ndiyo maana wakala wa mgombea kupata nakala ya fomu ya matokeo kituoni, na matokeo kubandikwa pale pale, si mambo madogo ya karani.

Oktoba 2025 tulipiga kura bila CHADEMA, chama kile kile kilichoshinda Nyamagana 2010. Kilizuiwa baada ya kutosaini kanuni za maadili ya uchaguzi, chenyewe kikidai sheria zibadilishwe kwanza. Hili linaniuma. Mbunge aliyepatikana hivyo huenda ni mchapakazi hodari, lakini mkazi wa Igoma hakupewa nafasi ya kumpima mbele ya mshindani aliyewahi kulichukua jimbo hilo.